Mpanga viatu

Wiki iliyopita mama mmoja alikaa ofisini kwangu huku mwanawe wa miaka saba akivipanga viatu vyetu mlangoni, vidogo mbele, vikubwa nyuma. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu akikua atakuwaje?"

Mtoto huyo ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, na mara nyingi humfanya arudie jambo lile lile. Nilimsimulia mama habari za Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza kati ya 11 ambao Dkt. Leo Kanner aliwaandika mwaka 1943 alipoueleza usonji. Akiwa hajafikisha miaka minne, Donald alipelekwa kwenye kituo cha watoto. Huko akanyong'onyea mpaka wazazi wakamrudisha. Mwaka 1942 wakamweka kwa mkulima mmoja na mkewe, si mbali na nyumbani. Donald alikuwa haachi kupima vitu, basi yule bwana akamchimbisha kisima na kumtaka amweleze kina chake. Alihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka; akaachiwa aihesabu huku analima kwa plau ya farasi. Shule ya kijijini nayo ikampokea na mambo yake. Alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akafariki 2023 akiwa na miaka 89.

Ni kweli, kwao walikuwa na uwezo. Lakini Kanner alipowafuatilia wale 11 na kuandika tena mwaka 1971, aliona waliowekwa katika taasisi za serikali wamefifia kabisa. Kuingizwa humo, alisema, ni sawa na kifungo cha maisha.

Malezi hayaleti usonji. Mama yeyote anayebebeshwa lawama hiyo anaonewa. Ila mtoto yule yule hukunjuka au hujikunja kutegemea anapoishi na anaposoma.

Katika kitengo chetu cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu kulikuwa na kijana aliyekimbilia chooni kila kengele ilipogongwa, yaani ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Tulimkabidhi nondo agonge mwenyewe. Siku ya kwanza aligonga mara moja, taratibu, akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Tangu hapo sauti ile haikumvamia tena. Nyumbani, mama yake akafuata njia hiyo hiyo kwenye kuoga: ndoo na taulo huwekwa mbele ya mtoto mapema, ajue kinachokuja.

Yule mama wa viatu ana darsa ya akina mama nyumbani kwake kila Alhamisi. Nimemwomba atangaze kwamba viatu ni kazi ya mwanawe: kila mgeni avue, amkabidhi yeye mkononi, amwite kwa jina lake, na wakati wa kuondoka amwombe yeye.