Kufurika kwa namba kamili ndani ya kerneli

Chukua ghala la korosho Mtwara lenye kaunta ya tarakimu nne. Yanasubiriwa malori 126 kutoka Newala na Tandahimba, kila moja na magunia 80. Jumla ni 10,080, ila tarakimu ya tano haina pa kukaa, kaunta inaonyesha 0080. Karani anatenga nafasi ya magunia 80, yaani lori moja. Yale 125 yatashusha juu ya mzigo wa wenyewe.

Huko ndiko kufurika kwa namba kamili. Kaunta ya biti 32 isiyo na alama ya hasi inaishia 4,294,967,295. Ongeza moja, inarudi sifuri kimyakimya.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, nayo ndiyo inayogawa kumbukumbu. Tuseme mashine ni ya biti 32 na msimbo umeandikwa kmalloc(n * 16, GFP_KERNEL), yaani ombi la kumbukumbu ya vipande n vya baiti 16 kila kimoja, ambapo n imetoka kwa mtumiaji. Akileta 268,435,457, jibu halali ni 4,294,967,312, lakini kinachobaki ni 16. Kerneli inatoa baiti 16, nafasi ya kipande kimoja, wala haioni kosa. Balaa liko kwenye kitanzi kinachofuata, yaani msimbo unaojirudia kujaza vipande kimoja kimoja, maana chenyewe kinahesabu hadi n. Kipande cha pili tu tayari kimeangukia kumbukumbu ya mwingine. Ukibahatika mashine inazima. Usipobahatika, mshambuliaji anachagua cha kuandika pale na kujipatia mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Wengi hukimbilia kukagua jibu: n * 16 ikiwa ndogo kuliko n, kataa. Ukaguzi huo unavuja. Weka 402,653,185: jibu linarudi 2,147,483,664, kubwa kuliko n, na limeshaharibika. Kagua kabla ya kuzidisha, kwa kugawanya: n ikizidi SIZE_MAX / 16, kataa (SIZE_MAX ndiyo namba kubwa kabisa ya ukubwa ambayo mashine inaweza kushika). Kwenye Linux hata hilo usijiandikie. Tumia kmalloc_array(n, 16, GFP_KERNEL), au kcalloc ukitaka nafasi iliyojazwa sifuri. Hesabu ikifurika unapewa NULL, yaani kielekezi kitupu, nawe unarudisha -ENOMEM, kosa la kukosa kumbukumbu. Kwa muundo wenye safu mkiani ipo struct_size() ya kukokotoa ukubwa wake, ambayo ikifurika hung'ang'ania SIZE_MAX ili ombi likataliwe. Jibu lake usilihifadhi kwenye int, utalikata upya.

Mashine ya biti 64 nayo isikupe usingizi. Pande zote mbili zikiwa u32, yaani namba za biti 32 zisizo na alama ya hasi, kuzidisha kunafanyika kwa biti 32 kwanza, ndipo jibu lililokwishakatwa linapanuliwa.

Ukijaribu marekebisho, usiache 268,435,456. Hiyo mara 16 inaangukia sifuri kamili, na kmalloc ya baiti sifuri hairudishi NULL: inarudisha kielekezi cha pekee, ZERO_SIZE_PTR, kinachopita ukaguzi wa if (!p), unaouliza kama kielekezi ni NULL, bila kuguswa.