Kabla ya kwenda darasa la kibali cha kubeba bastola Illinois

Kila tunapotangaza darasa jipya, ndugu zetu wa Rockford, Moline na Chicago wanaopiga simu huanza na swali lile lile: nije na bastola ya aina gani? Hilo linaweza kusubiri. Lenye uzito zaidi, hasa kwetu tuliohamia, ni hili: uko Marekani kwa karatasi gani?

Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, utalii au kazi, kuwa na bunduki au hata risasi, ukiacha misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Bastola ya kukodi unayoishika dakika tano kwenye uwanja wa shabaha nayo imo katika katazo hilo. Vijana wetu wenye viza ya masomo hualikwa na marafiki Jumamosi, wakafyatua risasi mbili tatu, wakapiga picha na kuziweka mtandaoni, bila kujua wamejitia katika nini. Kosa la silaha linaweza kumrudisha mtu kwao hata akiwa na green card. Mkaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hawaguswi na katazo hilo la viza. Hata hivyo, kama umewahi kuhukumiwa, au kuna amri ya mahakama kuhusu ugomvi wa nyumbani, muone wakili kabla hujalipa ada ya darasa.

Karatasi zikiwa sawa, omba kwanza kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mmiliki wa silaha, ambayo kila mkaazi wa Illinois anatakiwa kuwa nayo ili amiliki silaha. Ada yake ni dola 10. Kibali chenyewe cha kubeba bastola kwa kuificha hutolewa kuanzia umri wa miaka 21, chini ya sheria ya mwaka 2013, nacho kinadai mafunzo ya saa 16 kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na Polisi ya Jimbo. Hakikisha idhini hiyo mapema, maana cheti cha asiyeidhinishwa hakitakusaidia kitu.

Wengi huja wamejiandaa kulenga shabaha, kumbe sehemu kubwa ya saa hizo ni sheria. Njoo na daftari, na kama Kiingereza kinakupa shida, mwambie mkufunzi kabla ya siku yenyewe. Utajifunza kwamba hata mwenye kibali haruhusiwi kuwa na bastola kwenye basi au treni ya CTA (usafiri wa umma wa Chicago), shuleni, hospitalini, maktaba, wala kwenye baa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake yanatokana na pombe. Utajifunza pia namna ya kukutana na polisi, na hapa huwa nakaa muda mrefu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo askari akikusimamisha unashuka garini upesi, unamsalimia na kuingiza mkono mfukoni kutoa karatasi. Hapa usifanye hivyo. Baki kwenye kiti, mikono juu ya usukani. Akikuuliza kama una silaha, sheria inakutaka useme, kwa sauti ya utulivu, na usiiguse.

Mtihani wa kufyatua ni risasi 30: kumi kwa yadi 5, kumi kwa yadi 7, kumi kwa yadi 10. Zikifika 21 kwenye shabaha, umefaulu. Lakini mkufunzi hatakiwi kukupa cheti ukikaidi amri zake au ukiishika silaha kwa namna ya hatari, hata ukilenga vizuri kuliko wote. Ukisikia "cease fire", yaani acheni kufyatua, acha hapo hapo. Kidole kiwe nje ya triga mpaka uwe umeshalenga.

Vaa shati lililofunga shingoni. Ganda la risasi hutoka likiwa la moto, na likiingia kwenye ukosi, mwanafunzi hushtuka na kugeuka na bastola mkononi, mtutu ukiwaelekea wenzake. Likikuunguza, vumilia, mtutu ubaki mbele. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu kufyatua huacha vumbi la madini ya risasi (lead) mikononi.

Ada ya maombi kwa mkaazi ni dola 150, kwa kibali cha miaka 5. Ukiwasilisha alama za vidole, majibu yanapaswa kutoka ndani ya siku 90. Bila hizo, 120.

Wakati unasubiri, nunua sanduku la kufunga kwa ufunguo kabla ya kununua bastola. Tangu Januari 1, 2026, Illinois inamtaka mwenye silaha aihifadhi kwa usalama kama kuna uwezekano wa mtoto wa chini ya miaka 18 kuifikia. Usiseme huna mtoto nyumbani: Jumapili shemeji atakuja na wanawe, nao watazunguka kila chumba.