Hesabu stoo kwanza, mfumo utafuata

Kila Januari, watu waliokuja Moshi kula sikukuu wakisharudi Dar es Salaam, ofisi yetu ya ushauri wa biashara hupata wageni wenye swali moja: ninunue mfumo gani wa mauzo wa kompyuta? Mimi huwauliza kwanza, leo hii una katoni ngapi za sabuni stoo? Wengi hucheka. Wachache hupiga simu dukani kumuuliza kijana. Anayejua ni nadra.

Kompyuta haijui kilichomo stoo. Inajua ulichoiambia tu. Ukianza na idadi ya kubahatisha, kila ripoti itakuwa ya kubahatisha, ila sasa itakuwa imechapwa vizuri na ina jumla chini. Na sisi binadamu huiamini karatasi iliyochapwa kuliko daftari lenye madoa ya mafuta.

Ugumu wenyewe uko kwenye vipimo. Duka la jumla na rejareja pale Mbuyuni hununua mchele kwa gunia, likauza kwa debe, kwa kilo, hata nusu kilo. Mafuta ya kula yanakuja kwenye dumu la lita 20, yanatoka kwa chupa. Biskuti zina katoni, dazani na pakiti. Mfumo usipofundishwa kwamba vyote hivyo ni mzigo uleule, utauza gunia zima kwa kilo kilo na kioo bado kitakuonyesha gunia liko palepale. Tena gunia la kilo 100 halitoi kilo 100 ukilipima rejareja: kuna vumbi, kuna unyevu, kuna mkono wa muuzaji anayemwongezea mteja wake. Pungufu hilo nalo liamuliwe mapema, vinginevyo kila mwisho wa mwezi mtu ataitwa mwizi kwa sababu ya mizani.

Orodha ya vipimo hivyo hataiandika aliyekuuzia mfumo. Yeye atakuja nusu siku, ataweka programu, atakuonyesha vitufe, atakunywa soda, ataondoka. Wa kuiandika ni mwenye duka na msaidizi aliyekaa kaunta miaka yote.

Huyo msaidizi ndiye wanayemsahau. Nimeona wenye maduka wakileta kompyuta kama mtego: “Sasa tutajuana.” Haichukui wiki mbili, nusu ya mauzo inafanyika pembeni na jibu ni kwamba mtandao ulikuwa chini. Mwambie mapema mfumo unakuja kufanya nini, naye akusaidie kutaja bidhaa. Kisha kila mmoja apewe nywila yake. Nywila moja ya duka zima haina kazi, kwa sababu bei ikibadilishwa usiku hutajua aliyeigusa.

Kuna mwaka tulikosea sisi washauri. Tulikubali duka moja la vyakula libadili mfumo katikati ya Desemba, Wachagga wakiwa njiani kurudi nyumbani. Foleni ilifika barabarani, keshia anatafuta jina la bidhaa kwenye kioo, wateja wanapiga miluzi. Siku ya tatu walirudi kwenye daftari, na dawati jipya la kompyuta likawa la kuwekea mikate. Siku hizi tunashauri kubadili msimu wa masika, mji ukiwa umetulia, na daftari liende sambamba na mfumo kwa wiki nne, mkilinganisha kila jioni. Inachosha, najua.

Kwenye malipo tumetembea mbali tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, lakini maduka mengi bado yanapokea kwa namba binafsi ya mwenye mali. Humohumo inatoka ada ya mtoto na mchango wa harusi, halafu faida inatafutwa haionekani. Chukua Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, iwe ya biashara kweli.

Jambo jingine linalochanganywa ni EFD, mashine za kutolea risiti za kodi. Mashine hizo zipo tangu mwaka 2010, na kuwa na mfumo wa mauzo hakukuondolei wajibu wa kutoa risiti ya TRA, mamlaka ya mapato. Muulize muuzaji kama mfumo wake unatoa risiti hiyo moja kwa moja. Kama hautoi, keshia ataingiza kila mauzo mara mbili, na ile ya pili ndiyo atakayoiruka siku yenye watu wengi.

Kampuni za utalii za Arusha zina mzigo wa ziada, kwa sababu zinatunza nakala za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haihusu ofisi kubwa tu. Hata daftari la madeni lina majina na namba za simu za watu. Kurusha orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kunaweza kukugharimu kuliko deni lenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza pia mfumo unafanyaje intaneti ikikata. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania nzima ikaonja. Mfumo unaofaa huku kwetu uendelee kuuza, upeleke taarifa mtandao ukirudi. Na ukiacha kulipia ada ya mwezi, taarifa zako unazitoaje? Mwambie muuzaji azitoe mbele yako, kwenye faili unaloweza kulifungua mwenyewe.

Mama mmoja mwenye duka Kiborloni alirudi kwangu baada ya wiki tatu na daftari la kurasa 11. Mfumo alikuwa hajanunua bado. “Mwalimu,” akaniambia, “nyuma ya magunia ya sukari nimekuta katoni 14 za maziwa ya unga, muda wake umeshapita.”