Kaa na cheche: maana ya kuigeuza injini ya glo

"Mjomba, hii nimeshaigeuza kuwa ya cheche," mpwa wangu aliniambia, akinikabidhi injini ya ndege ya rimoti, ile ya sentimita 10 za ujazo. Nikaiangalia huku na huku. Plagi mpya iko mahali pake, imekazwa vizuri. Nikamuuliza sumaku iko wapi, na sensa, na betri. Hakuna hata kimoja. Alichofanya ni kufungua plagi ya zamani na kufunga nyingine yenye thredi ileile ya robo inchi, akaamini kazi imekwisha.

Sikumlaumu, kwa sababu neno "kuigeuza" ndilo lililompoteza, na si yeye wa kwanza. Nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi mno.

Kwa kifupi: injini ya glo huwasha mafuta yake kwa kijiwaya chenye joto ndani ya plagi. Kuigeuza kuwa ya cheche ya kielektroniki ni kuuondoa uwashaji huo na kuweka mwingine, ambamo cheche ya umeme hupigwa kwa wakati uliopangwa. Vinahitajika plagi ya cheche, sanduku la CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachokusanya umeme wa kupigia cheche), betri, sumaku ndogo kwenye kitovu cha propela, na sensa ya kuihisi sumaku hiyo inapopita. Maana ndiyo hiyo.

Shida inaanzia kwenye neno "plagi". Tumelichukua kwa Waingereza, na kwao maana yake ya asili ni kizibo tu, kitu cha kuziba tundu. Ndiyo maana Kiswahili kinaita plagi hata ile tunayochomeka ukutani. Neno linatuambia kitu kimekaa wapi, halisemi kinafanya kazi gani. Wajerumani wao walikiona kama mshumaa: cha cheche wanakiita mshumaa wa kuwashia, cha joto wanakiita mshumaa wa kung'aa. Wafaransa nao wanasema mshumaa, bougie, na neno hilo limetoka kwenye jina la mji wa Béjaïa huko Algeria, uliokuwa ukiuza nta Ulaya. Ndiyo maana fundi wa Lubumbashi au Bukavu atakuomba "buji" pale ambapo wa Morogoro angeomba plagi, na katika Kinyarwanda buji ni mshumaa mpaka leo. Kila lugha imekitazama kitu hiki kwa jicho lake, lakini sisi tulipochukua "plagi" peke yake tuliacha nyuma nusu ya jina, ile nusu inayotaja kazi.

Na nusu hiyo tunayo nyumbani, tena tunayo vizuri kuliko wengi. Mtoto yeyote aliyekaa karibu na jiko la mkaa anajua kaa ni nini na cheche ni nini. Cheche huruka, huonekana, hufa. Kaa hutulia pale pale likiwa jekundu, na ukilipepea kwa kipepeo linazidi kukolea. Plagi ya glo ni kaa. Ishike kivulini, iunganishe na betri ya volti 1.5, uchungulie: kijiwaya kilichosokotwa ndani kinageuka rangi ya chungwa taratibu, bila mlio, bila kuruka chochote. Ondoa betri, kinafifia na kuzima.

Sasa hapa ndipo pana uzuri wake. Ndani ya injini unaondoa betri na kaa halizimi. Kijiwaya kimetengenezwa kwa platinamu iliyochanganywa na metali nyingine, na mvuke wa methanoli, ambayo ndiyo mafuta ya injini hizi, ukigusa platinamu yenye moto huungana na oksijeni papo hapo juu ya waya, ukitoa joto. Kila mzunguko wa injini unaleta mchanganyiko mpya wa hewa na methanoli, na joto la mwako wenyewe linaongezea, kama kipepeo kisichochoka. Humphry Davy aliliona jambo hili mwaka 1817: waya wa platinamu uliendelea kuwa mwekundu ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa bila mwali wowote. Ilipita zaidi ya miaka mia hadi Mmarekani Ray Arden alipoanza kuuza plagi za namna hii kwa wapenzi wa ndege ndogo, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kwa hiyo anayesema "plagi ya glo inatoa cheche ndogo" amekosea kabisa. Haitoi cheche yoyote, wala ndogo. Na tofauti hii si ya maneno tu. Tofauti kubwa kati ya kaa na cheche ni nani anayeshika wakati.

Kaa linawaka muda wote. Hakuna mtu wala kifaa kinacholiambia "sasa". Mafuta yanashika moto pale pistoni inapoubana mchanganyiko kiasi cha kutosha, na wakati huo unategemea ukali wa joto la plagi, mbano wa injini, na kiasi cha nitromethani, au nitro, kemikali unayochanganya kwenye mafuta. Ukitaka kubadilisha wakati, unabadilisha plagi iwe ya moto zaidi au ya baridi zaidi, au unapunguza nitro, au unaongeza shimu, yaani kipande chembamba cha chuma, chini ya kichwa cha silinda. Ndiyo maana injini ya glo haina swichi ya kuzimia. Unaizima kwa kuinyima hewa au mafuta, maana kaa halina pa kukatwa.

Cheche ina saa. Sumaku ikipita mbele ya sensa, sanduku la CDI linamwaga umeme liliokuwa limeukusanya kwenye kapasita, koili inaupandisha hadi maelfu ya volti, na cheche inapigwa. Dereva wa bodaboda analijua sanduku hilo. La pikipiki yake hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Kwa kawaida cheche huwekwa ipigwe digrii 28 hivi kabla pistoni haijafika juu, injini ikiwa kwenye kasi. Kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, digrii hizo ni chini ya nusu ya milisekunde. Wakati wa kuwasha, sanduku lenyewe huchelewesha cheche ili propela isirudi nyuma na kukupiga vidole. Mwenye saa ndiye anayeweza kufanya hivyo, kaa haliwezi.

Neno jingine linalohitaji kusahihishwa ni "teknolojia mpya", kama wengine wanavyoiita cheche. Cheche ndiyo iliyotangulia. Injini ndogo za Marekani za miaka ya 1930, kama Brown Junior, ziliruka kwa cheche, zikibeba koili, kondensa, betri na vidole vya kufungua na kufunga umeme. Mzigo huo ulikuwa mzito kwa ndege ya mbao nyepesi, na plagi ya kaa ilipendwa kwa sababu iliuondoa wote. Kilicho kipya ni elektroniki zilizoifanya cheche iwe nyepesi tena.

Ya mafuta nitayapitia haraka. Wengi hubadilisha ili watumie petroli, ambayo ni rahisi kupatikana. Lakini methanoli huungua vizuri kwa uwiano wa karibu kilo 6.4 za hewa kwa kilo moja, petroli 14.7. Maana yake petroli inahitajika chini ya nusu, na sindano ya kabureta iliyotengenezwa kwa methanoli inakuwa ngumu sana kuiweka sawa. Wengi huishia kubadilisha kabureta. Mipira ya silikoni inalegezwa na petroli, kwa hiyo nayo ibadilishwe. Mafuta ya nyonyo yanayopendwa kwenye methanoli hujitenga na petroli, tafuta oili inayochanganyika nayo. Na cheche hutoa mawimbi ya redio, hivyo waya wa plagi uwe na kava la chuma lililosukwa, na sanduku likae mbali na risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Anayebaki na methanoli aiheshimu: mwali wake mchana hauonekani, na ikinywewa ni sumu ileile iliyoua watu zaidi ya 100 Nairobi mwaka 2000 ndani ya pombe ya kumi-kumi.

Kuna wanaoniambia, "Lakini hata dizeli ina glo." Ndiyo, zile ambazo gereji wanaziita hita. Hizo hupasha chumba cha mwako joto injini ikiwa baridi, kisha zinaachia. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na zile injini za zamani za mashine ya kusaga za aina ya Lister hazina plagi ya namna yoyote. Unaizungusha kwa mkono tu. Jina moja, kazi tofauti.

Mimi mwenyewe nasema plagi ya kaa na plagi ya cheche, na sijaona fundi aliyeshindwa kunielewa. Mpwa wangu nimemwambia kwamba kwa sasa amebadilisha plagi, na aseme hivyo hivyo. Jumamosi tutatoboa kitovu cha propela, tutie sumaku, tupime digrii. Baada ya hapo ataweza kusema ameigeuza injini.