Mama kushika bisibisi si kosa: mpaka wa matengenezo ya umeme nyumbani

Kwa miezi kadhaa sasa vikundi vya akina mama katika mitaa ya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, vimekuwa vikijifunza matengenezo madogo ya nyumbani: kubadilisha mpira wa bomba linalovuja, kukaza bawaba za mlango, kufunga plagi, kuweka holda mpya ya taa. Baadhi ya vikundi vimetualika sisi wa ukaguzi wa umeme wa TANESCO tukatoe somo, nasi tumekwenda na tutaendelea kwenda. Pamoja na hayo, dirisha letu la huduma limekuwa likipokea watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja kuuliza kama sheria inamruhusu mwanamke kugusa umeme. Na wapo waliokutwa na mita iliyofunguliwa, wanaojitetea kwamba nyumba ni yao na walikuwa wanaitengeneza.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haiulizi jinsia ya anayeshika bisibisi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji inayotoa leseni za mafundi umeme, inaangalia elimu na ujuzi wa mwombaji. Chuo cha VETA pale Nyakato hupokea wasichana katika fani ya umeme. Mimi mwenyewe ni mwanamke, nina miaka mingi katika kazi hii, na bado nikibisha hodi kwa ajili ya ukaguzi naulizwa, "Fundi mwenyewe yuko wapi, mama?" Naomba swali hilo sasa liishe.

Liishe kwa sababu lina madhara. Soketi ikianza kutoa harufu ya kuungua, mama mwenye nyumba, ambaye huenda amefuatilia maelezo yetu vizuri kuliko wote, anamwita shemeji au kijana wa jirani kwa kuwa tu ni mwanamume. Kijana huyo hana leseni. Anafungua swichi kubwa, anaunganisha anavyojua, anapewa elfu kumi, anaondoka. Huyo ni kishoka, hata kama ni ndugu. Asilimia ya uanaume haipo kwenye fomu yoyote tunayojaza. Mwaka 2024, mita za luku zilipokuwa zinaboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, nyumba nyingi nilizopitia waliokuwa wameingiza tarakimu 60 zile, ishirini kwa ishirini, ni akina mama na binti zao. Mtu anayeweza kazi hiyo bila kukosea anaweza kufunga plagi.

Mpaka wenyewe uko hivi. Chochote kinachochomekwa kwenye soketi, yaani waya wa kifaa, plagi, fyuzi ya plagi na ekstensheni, unaweza kukishughulikia mwenyewe kikiwa kimechomolewa. Kubadilisha balbu, au holda iliyovunjika, ni kazi yako pia, kwa masharti nitakayoyaeleza. Betri za ile rimoti ya luku ni zako; tafadhali zibadilishe kabla ya kuja kutuambia mita imekufa, kwa sababu safari nyingi tunazokwenda mlimani Isamilo na Bugando kwa malalamiko ya mita zinaishia kwenye betri mbili. Lakini waya uliomo ukutani na darini, ubao wa sakiti breka na kuongeza soketi mpya ni kazi ya fundi mwenye leseni. Mita na waya unaotoka kwenye nguzo si vyako wala vya fundi wako. Ni vya shirika.

Plagi nitaieleza kidogo, kwa sababu ndiyo chanzo cha mengi. Ukiifungua na kuitazama kwa nyuma, pini kubwa ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia kwenye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na njano juu. Vifaa vya zamani vina nyekundu badala ya kahawia, nyeusi badala ya bluu. Huo wa kijani na njano ndio wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja; uache mrefu kuliko wenzake, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kibanio kibane ngozi ya nje ya waya, kisibane nyaya za ndani. Fyuzi ifuate kifaa: redio, feni au televisheni fyuzi ya ampea 3 inatosha, pasi, birika na jokofu ziwe na 13. Hesabu yake ni rahisi, gawanya wati kwa volti 230. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Ukichomeka birika hilo pamoja na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja umefika 13, na hapo hujaweka chaja ya simu. Kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara ni kuondoa kitu kinachokatika kabla ya nyumba kuwaka. Nimekuta hilo kwa wasomi, nimekuta kwa wenye maduka. Sielewi kwa nini bado linahitaji kuelezwa.

Sasa holda ya taa. Akina mama wengi waliopigwa shoti wanasema, "Lakini nilizima swichi ya ukutani." Naamini walizima. Swichi ile inakata waya mmoja tu, na inategemea aliyefunga alikata upi. Kishoka akiweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme), taa itazima vizuri kabisa huku holda ikibaki na moto usiku na mchana. Kwa hiyo zima sakiti breka ya taa, na kama hujui ni ipi, zima swichi kubwa. Mwambie kila aliye nyumbani, kwa sababu watoto wakiona giza wanakwenda kuwasha. Kisha tumia tesita, yaani kipima umeme, na uijaribu kwanza kwenye soketi ambayo unajua ina umeme, halafu kwenye holda, halafu urudi tena kwenye soketi. Tesita ya taa ndogo ikiwa mbovu haiwaki, na hata ikiwa nzima inaweza kushindwa kuwaka ukiwa juu ya stuli ya plastiki na viatu vya mpira, maana inategemea mwili wako ufike ardhini. Kutowaka kwa tesita peke yake si uthibitisho. Mikono iwe mikavu. Simama kwenye stuli ya mbao au plastiki, usisimame kwenye ngazi ya chuma.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye mafunzo ya vikundi nilivyotembelea, na ndilo linalonikosesha usingizi: kamba ya kuanikia nguo. Huku kwetu watu hupenda kutumia waya, kwa sababu haulegei nguo zikilowa, na ncha moja hufungwa kwenye mbao za paa au kwenye bati lenyewe. Waya wa umeme unaoingia nyumbani ukisugua ukingo wa bati, siku ya upepo wa ziwani, ngozi yake inaisha, bati zima linapata umeme, na waya wa nguo unapata umeme pamoja nalo. Anayeugusa kwa mikono yenye maji ni mama au binti wa kazi. Fungua waya huo leo, weka kamba ya manila, na usiifunge kwenye bati. Kazi hiyo haihitaji fundi wala kibali. Lakini ukiona waya wa nguzo umelalia bati, usipande kuusogeza hata kwa fimbo kavu. Ondoa watu karibu na ukuta, tupigie. Hali kadhalika unapopanda kusafisha tenki la maji au kugeuza antena, angalia kwanza waya huo unapita wapi.

Naja kwenye mita, kwa kuwa ndiko wengi wanakoumia. Kila mita ina lakiri yenye namba, na namba hiyo ipo kwenye kumbukumbu zetu. Mkaguzi akifika anatakiwa aonyeshe kitambulisho kabla hujamfungulia. Una haki ya kukiomba, na akikataa usimruhusu kuingia. Analinganisha namba ya lakiri, anapiga picha, anapima, anajaza fomu ya ukaguzi mbele yako, nawe unasaini kwamba ulikuwepo. Kusaini si kukiri kosa. Soma kilichoandikwa, na kama hukubaliani andika hivyo hapo hapo kwenye nafasi ya maoni. Lakiri ikikutwa imekatwa, huduma inasitishwa, umeme unaokadiriwa kutumika bila kulipiwa unapigiwa hesabu na kudaiwa, na shauri linaweza kufikishwa polisi na mahakamani, maana kuchezea mita ni kosa la jinai. Kusema "aliyefungua ni fundi" hakuondoi shauri. Kusema "mimi ni mpangaji" nako kunahitaji maelezo: ukihamia nyumba, siku ya kwanza piga picha ya mita na lakiri yake, na ukiikuta imekatwa toa taarifa kwa maandishi kabla hatujakukuta nayo. Anayetoa taarifa mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayekutwa. Baadhi ya akina mama niliowaona mwaka huu hawakuwa wezi. Mita ilizima, wakaona parafujo, wakawa na bisibisi mkononi. Mita nyingi zikihisi kifuniko kimefunguliwa zinajifunga zenyewe, na hapo hata uniti ulizonunua hazitoki.

Kuhusu leseni, muombe fundi aonyeshe kadi yake kabla hajafungua boksi la vifaa. Tazama jina, tazama tarehe ya mwisho, tazama daraja, kwa sababu madaraja yanatofautiana kwa ukubwa wa kazi inayoruhusiwa. Mchoro wa nyaya za nyumba mpya tunaoupokea na maombi ya kuunganishiwa lazima utoke kwa mwenye leseni, na mchoro huo uwe na nakala nyumbani kwako. Fundi anayesema kadi ameiacha Buhongwa, mwambie aifuate. Si utovu wa adabu. Sisi wenyewe tunaombwa vitambulisho kila siku.

Niwape mfano wa mama mmoja wa Kirumba, anayehifadhi samaki kwenye friza kabla ya kuwapeleka mwaloni alfajiri. Friza lake lilikuwa "linachoma kidogo". Kwa mwaka mzima alilizoea, akavaa kandambili, akawaonya watoto. Baada ya somo la kikundi alichomoa plagi, akaifungua, akakuta waya wa ethi umekatwa na kukunjwa nyuma. Akaurudisha mahali pake, kwa usahihi. Nilikagua kazi yake na sikuona cha kurekebisha. Jioni friza likaendelea kuchoma, na safari hii jiko la umeme nalo likaanza kuchoma. Majirani wakamwambia ameharibu, kwamba ndiyo maana kazi hizi wanaachiwa wanaume.

Hakuwa ameharibu. Alikuwa amefichua. Waya wa ethi huunganisha miili ya vifaa vyote vya chuma na rodi, yaani fimbo ya chuma, iliyozikwa nje, ili umeme uliovuja ushuke ardhini. Rodi ikiwa haifai, umeme wa friza unapita kwenye waya huo na kutokea kwenye jiko. Tulipofukua tukakuta kipande cha rodi kisichozidi urefu wa mkono, kimeegeshwa katikati ya mawe mawili. Aliyefunga alikata iliyobaki, kwa sababu jiwe lilikataa. Mwanza jiwe litakataa sehemu nyingi: Mabatini, Igogo, Bugando, nyumba zimekaa juu ya mwamba. Hiyo si sababu ya kukata rodi. Panachimbwa mtaro, rodi inalazwa ubavu kwenye udongo wenye unyevu, au zinaunganishwa mbili tatu mahali palipo na udongo, kisha ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, unapimwa kwa kifaa chake. Upimwe pia kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa umekauka, kwa maana kipimo cha masika kinadanganya. Mkiwa mnajenga sasa hivi mlimani, simameni hapo rodi inapozikwa na muione yote ikiingia. Muulizeni fundi amepata kipimo gani. Akijibu "iko sawa tu", hajapima.

Mama yule alimwita fundi mwenye leseni, akachagua mahali pa mtaro mwenyewe: nyuma ya jiko, anapomwaga maji ya kuoshea samaki, ambapo ardhi haikauki mwaka mzima. Aliongezewa kikatio cha kuvuja umeme cha miliampea 30, chenye kitufe kidogo cha herufi T. Kitufe hicho kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara na umeme wote ukatike papo hapo. Usipokatika, kikatio kimekufa na fundi aitwe. Mama anakibonyeza kila tarehe mosi, kabla ya kuwaandaa watoto kwenda shule, na tarehe ameziandika kwa kalamu pembeni ya ubao wa breka.