Nairobi hadi New York: saa 7 au saa 15?

Ndege ikiondoka Jomo Kenyatta saa tano usiku na kutua JFK saa kumi na mbili asubuhi, wengi huhesabu haraka na kusema safari ni ya saa 7. Katika dhana zote kuhusu safari hii, ambayo Kenya Airways waliianza bila kutua njiani Oktoba 2018, hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 wakati wa joto, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao Machi na Novemba. Aliyeondoka saa tano usiku mwezi Januari amekaa kitini saa 15. Kama ni mama mwenye kisukari anayekwenda kuona wajukuu, dozi zake zipangwe na daktari kabla ya safari kwa saa zitakazopita kweli, na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililo chini ya ndege.

Wengine huamini kwamba kwa kuwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, anayeruka kwenda magharibi hufika upesi, maana mji unamfuata. Sivyo. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachobadilisha muda ni upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Ndiyo maana kurudi huchukua takriban saa 14, ingawa umbali ni uleule wa kilomita 11,800 hivi. Ukigawa kilomita hizo kwa mwendo wa 900 kwa saa utapata 13 tu, lakini ratiba huhesabu pia muda wa ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka.

Ramani ya ukutani nayo hudanganya. Ukiweka rula kati ya miji hii miwili, mstari unapita Kongo, Kameruni na Nigeria. Kwenye tufe, njia fupi inakata Chad na Algeria, na katikati yake hasa iko karibu na Marrakech. Marubani huikaribia njia hiyo, kisha huipinda kukwepa upepo au anga lililofungwa, kama la Sudan baada ya vita kuanza Aprili 2023.

Tena, si kweli kwamba ndege inayoweza kwenda mbali itafanya hivyo kutoka uwanja wowote. Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mchana wa joto huizidisha wepesi, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta inaweza kulazimika kupunguza mizigo au abiria. JFK uko karibu usawa wa bahari, na haina shida hiyo.