Kigoma hadi Kasanga kwa jetski: acheni kugawanya kilomita kwa kasi

Jumamosi iliyopita pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, nimeulizwa tena safari ya jetski ni saa ngapi. Safari hii ni dereva boda. Kaikuta jetski yangu juu ya trela, kachungulia kioo cha spidi, akapiga hesabu kwa sauti: "Inatembea mia kwa saa. Mahale ni kama mia na thelathini. Bosi, saa moja na dakika ishirini uko hifadhini kwa sokwe." Waliokuwepo wakaitikia. Mimi nikameza mate, nikaja kuandika hapa.

Hiyo ni hesabu ya lami.

Nimetoka Kigoma hadi Kasanga, zaidi ya kilomita 400 za mwambao, kwa siku nne. Spidi ya 100 niliiona labda kwa dakika mbili, nikijionesha mbele ya watoto wa Ujiji. Baada ya hapo sikuiona tena.

Mafuta kwanza. Tangi langu ni lita 70. Maji yakilala, nikienda kilomita 45 hivi kwa saa, inakunywa kama lita 20 kwa saa. Nikibana hadi mwisho inakunywa 60 na ushee. Pigeni wenyewe: kwa mwendo wangu tangi linafika kilomita 150 na kitu, kwa mwendo wa yule ndugu ni 110 au zaidi kidogo. Mahale atafika akipiga makasia, na jetski haina makasia.

Wengine wakisikia hivyo wanarukia upande wa pili: "Basi niende taratibu." Taratibu ipi? Kuna mwendo mmoja mbaya kuliko yote, ule ambao pua imeinuka, mkia umezama, na chombo bado hakijapanda juu ya maji. Hapo injini inasukuma kilima cha maji, mafuta yanateketea, kilomita haziendi. Ama utambae kabisa, ama upande juu ubaki huko. Tena tuko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini inapungukiwa nguvu kidogo. Usishangae isipofikia namba za karatasi ya kiwandani.

Kubaki juu ndiko kugumu, na hapa nafika kwenye kauli inayonichosha kuliko zote: "Si ziwa tu? Bahari ndiyo ina mawimbi."

Tanganyika ina urefu wa kilomita 673, na wastani wa upana wake ni 50 hivi. Ni mfereji. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi inapuliza kutoka kusini-mashariki, na huo mfereji umelala karibu na njia ya upepo. Wimbi linalotupiga sisi huku Kigoma limekuja likikua njiani mamia ya kilomita bila kuzuiwa na kitu. Na likifika si lile wimbi refu la bahari kuu, linalokunyanyua polepole na kukushusha polepole. La kwetu ni fupi, limesimama, na mwenzake yuko nyuma yake. Unaruka la kwanza, unatua kwenye kifua cha la pili, la tatu linakumwagikia usoni. Ukienda kusini miezi hiyo, yote hayo unayapokea kwa pua. Siku ya pili, kati ya Mugambo na Karema, kwa saa nzima sikuvuka 20. Chumvi hakuna, nakubali, na injini inashukuru. Kiuno hakijui tofauti.

Je, wimbi ulikabili uso kwa uso au kwa pembe? Mafunzo yanasema pembe. Mimi nimefanya yote mawili na bado nasitasita kila safari, kwa sababu pembe inakupunguzia kishindo lakini inakuongezea kilomita, na kilomita ni mafuta. Kanuni ya theluthi pia, theluthi ya kwendea, ya kurudia na ya akiba, ni ya mtu anayerudi alikotoka. Mimi sikuwa narudi. Nilifunga madumu mawili nyuma ya kiti, na sijivunii: mkia ulilemewa na petroli ilikuwa inacheza mgongoni kwangu. Mafuta ya kununua vijijini chuja kwa kitambaa, mara mbili.

Usajili wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, jaketi okozi, kuaga bandarini, kamba ya kuzimia injini mkononi: mnayajua. Nanga sahauni. Ziwa linafika kina cha mita 1,470, na sehemu nyingi linaporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni.

Injini ikinguruma na chombo hakiendi, usilie kwamba imekufa. Pampu inayosukuma chombo kwa maji imemeza kitu. Zima, chomoa kamba, zama chini uangalie wavu wa kuingizia maji. Mimi nilitoa kipande cha wavu wa dagaa na mfuko wa sandarusi. Ndiyo maana alfajiri napita mbali na vipe, boti za wavuvi wa dagaa, vinaporudi na taa zao, ila ukienda mbali sana na nchi kavu, nani atakuona ukikwama? Hapo pia sina jibu ninaloliamini kwa mwaka mzima.

Na mikono. Kishikio cha mafuta cha jetski kinabanwa kwa kidole kimoja, kwa muda wa saa tano au sita, huku magoti yamekunjwa. Jioni ya tatu, Kipili, niliagiza ugali kwa mgebuka. Kidole hakikukunja. Tonge likaanguka, nikaokota, likaanguka tena. Mama lishe akaniangalia, akaenda ndani, akaniletea kijiko.

"Baba, umepigana na nani?"

Nikamwambia natoka Kigoma kwa jetski.

"Kumbe," akasema, "si nasikia ile ni saa chache tu?"